AFYA INAANZA NYUMBANI NA SHAMBANI
Mafundisho ya Kituo cha Afya cha Pholela, Afrika ya Kusini



Katika hospitali zetu kuna jambo moja tunaliona kila mwaka. Mama analeta mtoto wa miaka miwili. Miguu ya mtoto imevimba, nywele zimegeuka nyekundu na nyepesi, ngozi inabanduka. Hataki kucheza, hataki kula, analia pole pole tu. Ni ugonjwa ule vitabu vinauita kwashiorkor, na katika Kivu watu wengi wanauita bwaki. Tunamlaza, tunampa maziwa na chakula cha nguvu, na kisha majuma machache anaanza kucheka. Tunamrudisha kwao kwa furaha. Lakini kisha miezi michache anarudi tena, ao ndugu yake mdogo ndiye analala katika kitanda kile kile.

Tujiulize sasa. Je, dawa ilikosa nguvu? Hapana. Je, muuguzi alikuwa mvivu? Hapana. Mtoto alirudi tu fasi ile ugonjwa ulitoka. Nyumba ni ile ile, shamba ni lile lile, chungu cha mama ni kile kile. Mtu akifunga kidonda na mwiba ungali ndani, kidonda kitavimba tena.

Katika karatasi hii tutasoma habari ya watu waliojaribu kutoa mwiba. Walianza kazi mwaka wa 1940 katika milima ya Afrika ya Kusini. Kazi yao iliunganisha mambo matatu ambayo sisi tumezoea kuyatenganisha: matunzo ya wagonjwa, mafundisho, na kulima. Katika mambo mengine walifaulu, katika mengine walishindwa. Yote mawili inafaa tuyajue.

1. PHOLELA NI FASI GANI?

Pholela iko katika jimbo la Natal, ambalo leo linaitwa KwaZulu-Natal. Iko karibu na mji mdogo wa Bulwer, chini ya milima mirefu ya Drakensberg. Wenyeji wake ni Wazulu. Ni inchi ya vilima na majani, na wakati wa baridi watu wanasikia baridi kali.

Zamani Wazulu walikuwa na mashamba na malisho makubwa. Lakini sheria ya ardhi ya mwaka wa 1913 ilikataza Waafrika kununua ardhi nje ya sehemu ndogo zilizowekwa kwa ajili yao. Sehemu hizo zote pamoja zilikuwa karibu 7 kwa mia ya inchi nzima. Mwaka wa 1936 sheria ingine iliongeza hesabu ile mpaka karibu 13 kwa mia. Hivi watu wengi walisongamana fasi ndogo. Ng'ombe walimaliza majani, mvua ikachukua udongo mzuri na kuupeleka mtoni.

Tena kodi ilipashwa kulipwa kwa feza. Kwa hiyo wanaume waliacha nyumba zao na kwenda mbali kutafuta kazi, wengine katika migodi ya zahabu ya Johannesburg, wengine katika miji kama Durban. Nyumbani walibaki wamama, wazee na watoto, wakilima udongo uliochoka. Chakula chao cha kila siku kilikuwa mahindi.

2. WATUMISHI WA KWANZA

Munganga Sidney Kark alijua jambo hili mbele ya kufika Pholela. Katika miaka ya 1938 na 1939 alisaidia kupima afya ya watoto Waafrika wa shule katika sehemu nyingi za Afrika ya Kusini, na aliona wengi wao hawapati chakula cha kutosha. Mwaka wa 1940 serikali ilimtuma yeye na bibi yake Emily Kark, naye pia munganga, wafungue kituo cha afya katika Pholela.

Hawakufanya kazi peke yao. Pamoja nao walikuwa Edward Jali, msaidizi wa munganga, na bibi yake Amelia Jali, muuguzi. Tena walipata vijana watano waliokuwa wamefanya kazi ya kupiga vita malaria katika Natal. Hawa walizoea kutembea nyumba kwa nyumba, walijua lugha na desturi, walijua namna ya kusalimia wazee. Walipewa mafundisho mapya, wakawa wasaidizi wa afya.

Tuangalie vizuri. Kituo kilikuwa na chumba cha matunzo, dawa na sindano, na kila siku wagonjwa walitunzwa. Lakini nusu ingine ya kazi ilifanyiwa njiani, mlangoni pa watu, na karibu na shamba. Wasaidizi hawa hawakuwa watu wa kubeba mizigo ya munganga. Walikuwa macho na masikio ya kituo, na bila wao munganga asingejua kitu.

3. WALIHESABU MBELE YA KUFUNDISHA

Sisi wauguzi tuna desturi ya kwenda kijijini na kuanza kufundisha mara moja: "Chemsheni maji! Chimbeni vyoo!" Watu wanaitika, "Ndiyo, asante," kisha wanarudi kwa kazi yao. Watu wa Pholela walianza kwa njia ingine. Walianza kwa kuuliza na kuhesabu.

Mwaka wa 1942 walichagua eneo dogo karibu na kituo, lenye nyumba 130 na watu 887. Waliingia katika kila nyumba. Waliandika nani anaishi humu, nani ameenda kazi mbali, nani amezaliwa, nani amekufa na umri wake. Waliuliza maji yanatoka wapi, kama choo kiko, ni chakula gani kinapikwa. Kila mwaka walirudia hesabu ile, na kila mwaka waliongeza nyumba zingine pole pole. Wagonjwa waliotoka mbali walitunzwa pia, lakini kazi ya nyumba kwa nyumba ilibaki katika eneo lile waliloweza kulitembea.

Kwa sababu gani hesabu hizi zote? Chukua mfano. Mwezi huu umetunza watoto 20 wenye bwaki. Je, ni wengi ao wachache? Kama watoto wa eneo lako ni 200, ni hatari kubwa. Kama ni 5,000, ni jambo lingine. Bila kujua hesabu ya watoto wote huwezi kujibu. Tena, katika kituo unaona wale tu wanaofika. Mtoto aliyekufa usiku nyumbani hakuandikwa katika kitabu chako. Mama aliyeshindwa kutembea hakupanga mstari mbele ya mlango wako. Katika kitabu chako ni kama hawakuishi.

Hesabu ya Pholela ilionyesha jambo la kuogopesha. Karibu mwaka wa 1942, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, karibu 275 walikufa mbele ya kutimiza mwaka mmoja. Maana yake, katika kila watoto kumi, karibu watatu. Mama mwenye watoto wanne angeweza kuzika mmoja, na majirani wangesema tu, "Ni mambo ya dunia."

4. HABARI YA MAHINDI

Watumishi waliona kwamba magonjwa mengi yalikuwa na mzizi katika chungu. Waliona bwaki kwa watoto walioachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi tu. Waliona pia ugonjwa unaoitwa pelagra. Mtu wa pelagra ngozi yake inageuka nyeusi na kubanduka fasi jua linapiga, katika shingo, mikono na miguu. Anahara, na kama hapati msaada akili yake inavurugika. Pelagra inashika watu wanaokula mahindi karibu peke yake. Mwili unahitaji vitamini inayoitwa niasini. Katika mahindi vitamini hii imefungwa, mwili hauwezi kuitumia vizuri. Karanga, maharagi, nyama, samaki na maziwa vinasaidia kuziba upungufu ule.

Lakini namna gani kusema neno hili kwa watu? Ukimwambia mzee, "Chakula chako ni kibaya," atajibu, "Babu zangu walikula hiki, wakawa watu wa nguvu." Na mazungumzo yamekwisha.

Watumishi wa Pholela waliwauliza wazee: "Babu zenu walikula nini?" Munganga John Cassel, aliyeongoza kituo nyuma ya Kark, ameandika habari hii. Wazee walikumbuka kwamba katika siku za zamani chakula kilikuwa cha namna nyingi. Kulikuwa mtama, kulikuwa majani ya pori, maziwa yalikuwa mengi, na nyama pia. Mahindi hayakuwa chakula cha babu. Yalikuja nyuma, yakashinda vyakula vingine sababu yalizaa vizuri na ardhi ilikuwa imepunguka.

Neno hili liligeuza mazungumzo. Mtumishi hakusema tena, "Acheni desturi yenu, mfwate yangu." Wazee wenyewe walisema, "Sisi tumepotea njia ya babu." Kula mboga na maharagi haikuwa tena jambo la wageni.

5. BUSTANI

Kisha mazungumzo walianza na kitu chepesi, ndiyo mboga. Hakuna desturi iliyokataza mboga, na hazihitaji feza nyingi. Kituo kililima bustani yake karibu na nyumba ya matunzo, ili kila mama anayengoja na mtoto wake aone kwa macho namna ya kupanda na kutia mbolea. Watu waliunda ushirika wa kununua mbegu pamoja. Kulikuwa soko dogo la kuuza mboga zilizobaki. Kulikuwa pia mashindano ya bustani, na watu walitembeleana kuona nani amelima vizuri zaidi.

Pole pole bustani ziliongezeka. Hazikuongezeka sababu watu waliogopa munganga. Ziliongezeka sababu mama aliona bustani ya jirani, akatamani.

6. MAZIWA NA MAYAI

Habari ya maziwa ilikuwa ngumu zaidi. Kwa Wazulu ng'ombe ni mali ya ukoo na wanaunganishwa na mababu. Maziwa ya ng'ombe wa ukoo yananywewa na watu wa ukoo ule. Mwanamke aliyeolewa ametoka ukoo mwingine, na kwa hiyo hakunywa maziwa ya ng'ombe wa bwana yake. Hivi mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha, wale waliohitaji maziwa zaidi, ndio waliyakosa.

Mtu mwenye haraka angesema, "Hii ni desturi ya ujinga, iondolewe!" Angefukuzwa. Watumishi wa Pholela waliona mlango mwingine: maziwa ya unga. Maziwa haya hayakutoka kwa ng'ombe wa ukoo fulani, na hakuna mzee aliyeyakatalia. Wamama walikunywa, na heshima ya nyumba haikuvunjika.

Na mayai? Hapa hakukuwa katazo kubwa. Watu waliona tu kwamba kula yai ni hasara, sababu yai likingojewa litakuwa kuku. Hiyo si ujinga, ni hesabu ya mtu maskini anayefikiri habari ya kesho. Ukitaka wale mayai, wasaidie kwanza wawe na kuku wengi.

Katika kila jambo walitenganisha desturi zinazoleta mema, desturi zisizoleta mema wala mabaya, na zile zinazodhuru. Za kwanza walizisifu, za pili waliziacha, na za tatu tu walizizungumzia, na hapo pia pole pole.

7. NENO MOJA LINAWEZA KUFUNGA MLANGO

Cassel ameandika pia habari ya binti mmoja aliyeugua kifua kikuu. Baba yake alikuwa mtu wa maana katika eneo. Munganga alitaka binti alazwe hospitali, baba akakataa. Munganga akaeleza, kama tunavyoeleza sisi sote, kwamba binti akibaki nyumbani atawaambukiza wengine. Baba alikasirika sana, akamaliza mazungumzo.

Kwa nini? Kwa sababu katika mawazo ya watu wa pale, anayeweza kutoa ugonjwa ndani yake na kuupeleka kwa wengine ni mtu mmoja tu: mlozi. Munganga alisema habari ya vidudu. Baba alisikia, "Binti yako ni mlozi." Baba gani atakubali neno lile?

Ndugu wauguzi, tufikiri sana juu ya habari hii. Munganga hakusema uongo. Lakini neno linalotoka katika kinywa chetu si lazima liwe lile linaloingia katika sikio la mtu. Mbele ya kueleza, ni vizuri tuulize: "Baba, wewe unafikiri ugonjwa huu umetoka wapi?" Kisha tungeweza kusema, "Kuna vidudu vidogo vinamshambulia binti yako, vinatafuta pia kushambulia watoto wako wengine. Tusaidiane kuvizuia." Hapo adui ni kidudu, si binti. Hata leo, katika vijiji vyetu, mwenye kifua kikuu ao ukimwi anaweza kuitwa mlozi. Tuchunge ndimi zetu.

8. SHULENI NA NYUMBANI

Kazi ya kufundisha haikufanywa kwa hotuba ndefu. Watu wachache walikutana nyumbani mwa jirani, wakazungumza juu ya jambo moja, kama chakula cha mama mwenye mimba, ao maji ya chemchemi. Msaidizi wa afya aliuliza, akasikiliza, akaleta picha ya kuonyesha. Shuleni watoto walipimwa, na walifundishwa kwa kazi ya mikono. Mtoto aliyepanda karoti mwenyewe atamwonyesha mama yake, na mama hawezi kumkatalia kama angemkatalia mgeni. Chemchemi zililindwa, vyoo vilichimbwa, mashimo ya takataka pia.

9. MATUNDA YA KAZI

Kisha miaka kumi hivi hesabu ilisema nini? Karibu mwaka wa 1950, watoto waliokufa mbele ya kutimiza mwaka mmoja hawakuwa tena 275 katika 1,000. Walikuwa karibu 100. Mia moja ni wengi bado. Lakini tuhesabu kwa vidole: mbele walikufa karibu watatu katika kumi, nyuma mmoja. Vifo vya watu wote vilipunguka pia, na bwaki na pelagra vilipunguka.

Bila kitabu cha nyumba kwa nyumba, nani angejua hayo? Wangesema tu, "Tunafikiri hali imekuwa nzuri kidogo." Hesabu iliwapa watumishi nguvu ya kuendelea, na iliwapa watu wa Pholela ushuhuda wa kazi ya mikono yao wenyewe.

10. JAMBO AMBALO BUSTANI HAIKUWEZA

Tusidanganyane. Bustani haikurudisha ardhi iliyochukuliwa. Bustani haikurudisha wababa kutoka migodini.

Mwaka wa 1949 munganga Kark aliandika juu ya kaswende. Alionyesha kwamba ugonjwa ule ulifwata njia za wanaume waliokwenda kazi mbali na bibi zao. Mwanaume aliishi mwaka mzima katika kambi ya mgodi bila jamaa yake, kisha akarudi na ugonjwa. Sindano ilimponyesha, akaenda tena, akarudi tena. Kark aliandika wazi kwamba dawa peke yake haitatosha: ni lazima jamaa ziweze kuishi pamoja. Neno hili lilisemwa miaka mingi mbele ya ukimwi kujulikana. Ukimwi ulipokuja, ulipita katika njia zile zile.

Katika inchi yetu pia tunawaona vijana na wababa wanaoenda kwenye machimbo ya zahabu na koltani, na jamaa zinazokimbia vita na kuacha mashamba yao. Mama aliyefukuzwa shambani hawezi kulima lenga-lenga. Muuguzi asimlaumu. Amsaidie, na aseme ukweli mbele ya wakubwa: hapa ugonjwa umeletwa na vita, si na uvivu wa mama.

11. KAZI ILIZIMWA, MBEGU ILIBAKI

Kazi ya Pholela ilipendeza watu wengi. Katika miaka ya 1942 mpaka 1944, halmashauri ya serikali iliyoongozwa na munganga Henry Gluckman ilishauri vituo kama kile vijengwe karibu 400 katika inchi nzima, kwa watu wa rangi zote. Lakini vituo 40 hivi tu vilianza. Mwaka wa 1948 chama cha ubaguzi wa rangi kilishika serikali. Wakubwa wapya hawakutaka kazi ya namna ile. Feza zilipunguzwa, waganga wengi waliondoka. Sidney na Emily Kark waliacha inchi mwaka wa 1958, na nyuma walifanya kazi Yerusalemu. Karibu mwaka wa 1960 kazi ya namna ile ya Pholela ilikuwa imesimamishwa.

Ni habari ya huzuni. Inatuonyesha kwamba kazi inayosimama juu ya mshahara wa serikali tu, ao juu ya msaada wa wageni tu, inaweza kuanguka siku moja. Kinachobaki ni kile ambacho watu wamekishika katika mikono na akili zao. Mama anayejua kuchagua mbegu na kuchanganya chakula cha mtoto hafungwi kwa barua ya wakubwa.

Mbegu ilibaki hata mbali. Katika Natal ile ile, munganga Halley Stott alianzisha kazi ya Valley Trust mwaka wa 1953 kule Botha's Hill, akiunganisha matunzo, chakula na kulima. Mwaka wa 1957 mwanafunzi wa uganga kutoka Marekani, Jack Geiger, alifika Pholela kujifunza. Nyuma, katika miaka ya 1960, alianzisha na wenzake kituo cha afya kwa watu weusi maskini wa Mound Bayou, katika Mississippi. Waganga wa kule waliandika chakula katika karatasi ya dawa, na watu walianza shamba la ushirika. Wakubwa waliuliza kwa nini feza za dawa zinanunua chakula. Geiger alijibu kwamba dawa ya njala ni chakula.

Mwaka wa 1978 inchi nyingi zilikutana katika mji wa Alma-Ata, zikakubali kwamba matunzo ya afya yaanzie karibu na watu, pamoja na chakula, maji safi na mafundisho. Kwetu pia, katika miaka ya 1970, watu wa Kasongo katika Maniema walikuwa wanajaribu vituo vya afya vilivyo karibu na vijiji. Katika miaka ya 1980 inchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire, iligawanywa katika zoni za afya. Hivi muuguzi anayefanya kazi leo katika kituo chake, pamoja na komite ya afya na wale wahudumu wa kijiji tunaowaita reko, anatembea katika njia waliyoipita Edward na Amelia Jali.

12. TUFANYE NINI KATIKA KIJIJI CHETU?

a) Chagua eneo dogo. Usianze na vijiji ishirini. Anza na nyumba unazoweza kuzitembelea zote. Andika katika kayee jina la kila nyumba, watoto chini ya miaka mitano, wamama wenye mimba, waliozaliwa, waliokufa. Rudia kila mwaka.

b) Pima watoto. Tumia mkanda wa kupima mkono kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, ndiyo rangi nyekundu, mtoto apelekwe kituoni mara moja. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba, ukihesabu mpaka tatu. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, apelekwe siku ile ile, hata kama mkono wake unaonekana mnene. Kituoni kuna maziwa na chakula cha pekee kwa mtoto kama huyu. Usijaribu kumponyesha nyumbani, wala usimpe dawa ya kukojoza maji.

c) Ulizeni wazee. Zamani mama wa hapa alimpa mtoto nini alipoachishwa ziwa? Ni majani gani ya pori tumeyasahau?

d) Mtoto anyonye ziwa tu mpaka miezi sita. Kisha apate uji na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Unga wa mihogo ao wa mahindi peke yake unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Changanya karanga zilizosagwa, soja ao maharagi, mafuta kidogo ya mawese, na ndagala waliopondwa kama wanapatikana. Sombe ipikwe sana.

e) Limeni karibu na nyumba. Lenga-lenga inaliwa kisha mwezi mmoja hivi. Kituo kiwe na bustani yake mwenyewe. Muuguzi asiye na bustani afundishe nini?

f) Nunueni mbegu pamoja. Komite ichague mtu mwaminifu wa kutunza mbegu, na hesabu isomwe mbele ya wote.

g) Mwalimu na muuguzi wapange pamoja. Bustani ya shule iwe somo, isiwe azabu ya watoto waliochelewa.

13. MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Katika eneo letu watoto wangapi walizaliwa mwaka jana? Wangapi walikufa? Nani anajua?
2. Babu na bibi zetu walikula vyakula gani ambavyo sisi tumeviacha? Kwa nini tuliviacha?
3. Ni desturi gani za chakula zinazowasaidia wamama wenye mimba? Ni zipi zinazowanyima nguvu? Nani anaweza kuzungumza na wazee juu ya jambo hili?
4. Baba wa binti mgonjwa alisikia neno gani katika maneno ya munganga? Katika kijiji chetu, ni maneno gani ya hospitali yanayosikiwa vibaya?
5. Kama kituo chetu kingefungwa kesho, ni kazi gani ingeendelea? Tuanze na nini juma hili ili iendelee?